Magunia Sita ya Samadi

Rehema na Joshua, ninyi mliobaki na funguo za jiko na za ukumbi, mmeniomba mara tatu niwaandikie jinsi kazi ya Nyumba ya Kimya inavyokwenda. Mara ya kwanza nilikataa kwa sababu mikono yangu imezoea mwiko kuliko kalamu. Mara ya pili nilikataa kwa maringo tu. Sasa nina mwezi wa pili nyumbani Mponde, mvua haikatiki, na wajukuu wamechoka kuambiwa wanyamaze na bibi aliyezoea kuwaambia watu wazima wanyamaze. Basi naandika. Habari za mshahara na vyeo msizitafute humu. Cheo changu cha kwanza kilikuwa Mama Eli na cha mwisho kilikuwa Mama Eli.

Nilipanda Lushoto kutoka kuchuma chai kwenye shamba la baba. Nilikuwa nimeambiwa kuna nyumba juu ya mji, ukishapita mashamba ya karoti, ambako watu wanatafuta mwanamke wa jiko na bustani, asiyeongea sana. Waliokuwa wananifahamu walicheka. Aliyenipokea getini ni Mzee Rashidi, mtunza bustani, mtu wa Mlalo, mrefu, mwenye kofia, na sijawahi kumwona bila hiyo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini sana, nikadhani ana koo. Kumbe ndivyo walivyokuwa wakiongea wote pale.

Mzee Rashidi ndiye aliyenifundisha kazi. Alinionyesha rimu la lori lililoning'inia kwenye mti wa peasi, na nondo fupi ya kuligongea. Watu wengi wakilipiga wanalipiga kama moto umezuka. Yeye alinifundisha kuligusa pembeni, mara tatu, ukiacha sauti ife yenyewe kabla ya kugonga tena, ili aliyekaa ukumbini aitwe bila kushtuka. Ilinichukua miezi miwili. Joshua, wewe bado unalipiga kama moto umezuka.

Alinifundisha pia mlango wa jikoni. Mnaujua ulivyo, mbao nzito isiyo na tundu, na ngedere walikuwa wameshajifunza kuusukuma na kuondoka na chapati. Kwa hiyo amri ilikuwa moja: mtu apige hodi, na wewe umuulize mpaka uridhike. "Hodi!" "Nani?" "Mimi." "Mimi nani?" "Mimi Rashidi." Ndipo komeo linafunguliwa. Jambo ambalo hakuniambia ni kwamba ukumbini, hatua thelathini kutoka pale, wageni walikuwa wamekaa wakijiuliza swali hilohilo, mimi nani, kwa kuwa ndiyo kazi waliyopewa na Mwalimu, aliyeongoza nyumba ile. Siku yangu ya pili nilipiga kelele "Mimi nani?" mara nne kabla ya chai ya saa nne. Mwalimu akamwambia Mzee Rashidi kwamba yule mama mpya wa jikoni ana bidii kubwa ya kiroho.

Mwalimu Shanta mlimkuta amekwisha kuzeeka. Wakati huo alikuwa anatembea haraka, mwanamke mfupi mwenye sari ya pamba na sweta la kijivu juu yake, maana baridi ya Lushoto haijali dini. Alizaliwa Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga hasa, kinateleza. Lakini maneno ya kazi yake aliyatamka kama wazee wake walivyoyatamka, na hapo ndipo nilipoponzeka.

Ilikuwa siku ya nne. Nilikuwa napalilia kabeji, akaja akasimama kando ya tuta.

"Mama Eli, wageni wa Jumamosi ni sita. Wanatoka mbali, wengine Dar, mmoja Tanga. Hawatafuti chakula kizuri wala vitanda. Wanatafuta samadhi tu."

Alilitamka neno hilo kwa d nzito yenye pumzi nyuma yake. Sikio langu likaiondoa ile pumzi.

"Samadi, Mwalimu? Watu wa Dar?"

"Watu wa popote. Lakini ya kweli ni adimu siku hizi."

"Hapo umesema," nikamwambia, kwa sababu hilo nililijua tangu utotoni. "Wengi wanachanganya."

Akanitazama. "Wanachanganya na nini?"

"Na maranda ya mbao, majani makavu, takataka. Kwa macho huwezi kujua. Mpaka uingize mkono mwenyewe."

"Mpaka uingie mwenyewe," akasema polepole.

"Wapo wanaoingia, lakini mkono unatosha. Na ile mbichi ni ya kuogopa, Mwalimu. Inaunguza. Lazima ikae kwanza, miezi mitatu au minne, bila kuguswaguswa."

Mwalimu akaketi kwenye ukingo wa tuta, sari na yote. "Nani alikufundisha haya?"

"Baba, kule Mponde. Anayo nyuma ya banda."

"Bado anayo?"

"Tele!"

Akanishika mikono yote miwili, na ilikuwa na udongo. Akasema miaka yote amekaa katika milima hii hakujua kuna mtu kama baba. Mimi nikamwahidi kwamba Jumamosi kila mgeni ataipata, na hakuna atakayeondoka mikono mitupu. Nikaona machozi yanamlengalenga. Nikawaza kwamba nimepata kazi kwa watu wanaoheshimu kilimo.

Ijumaa baba akaleta magunia sita kwa pikapu ya jirani, samadi ya ng'ombe iliyoiva, nyeusi, isiyo na maranda hata kidogo. Nikaomba orodha ya wageni ofisini, nikachukua mkaa, nikaandika jina la kila mmoja kwenye gunia lake kwa herufi kubwa ili wasigombane. Nikayapanga mlangoni pa ukumbi, matatu kulia, matatu kushoto. Mzee Rashidi alipita, akasoma, akarudi nyuma ya tangi la maji, na nilisikia anakohoa kwa muda mrefu. Angeweza kuniambia, lakini hakuniambia, na mpaka anaingia kaburini tuliendelea kuudhiana kwa ajili hiyo.

Wageni wakafika wamevaa nyeupe. Wa kwanza kupanda ngazi alikuwa daktari wa meno wa Tanga, Daktari Suresh, mtu nadhifu, kalamu mbili mfukoni, suruali imenyooka. Akaliona jina lake kwenye gunia, DK SURESH. Akafungua mdomo wa gunia, akachungulia. Kisha akamgeukia Mwalimu, akauliza kwa adabu kubwa, "Mwalimu, hii ndiyo hatua ya kwanza?"

Mwalimu akainama, akachukua konzi, akainusa, akanitazama mimi niliyesimama pale na uso wa ushindi. Nilimwona anayapitia mazungumzo yetu yote neno kwa neno, mpaka alipofika nyuma ya banda. Akakaa juu ya gunia la mtu mmoja wa Dar akacheka mpaka sweta likamvuka bega. Mimi nilisema jambo kwa Kishambaa ambalo sitaliandika hapa. Nilitaka kurudi Mponde siku hiyohiyo kwa miguu. Aliyenizuia ni Mwalimu. Alinikalisha ukumbini kwenye mkeka, mbele ya wageni, akaanza somo.

Alisema hivi, na nalikumbuka kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza nilijua nimeajiriwa kwa ajili ya nini. Kwao wanafundisha kwamba nafsi ya ndani kabisa ya mtu, wanayoiita Atman, na ule uhai mmoja ulio nyuma ya vitu vyote, wanaouita Brahman, si viwili. Si kwamba vitaungana baadaye, havijawahi kutengana. Samadhi ni kuzama kwa akili mpaka inatulia kabisa. Kuna kuzama ambako bado unajua kwamba wewe ndiye unayezama, na kuna kuzama ambako hata huyo wa kujua hayupo. Sasa walimu wa zamani walibishana. Wengine walisema bila kuzama huko hujijui ng'o. Wengine wakasema kinachofungua mtu ni kujua tu, kwa sababu kuzama kunakuja na kuondoka, na wewe huji wala huondoki. "Miaka yote nimetafuta mfano wa kusema jambo hili," Mwalimu akasema, "na leo nimeletewa magunia sita. Akili isiyotulia ni udongo mgumu. Samadhi inaulainisha, inaulisha. Lakini hakuna aliyelima kwa ajili ya kuvuna samadi."

Wageni wakaandika. Mimi nikauliza kama naweza kuyachukua magunia sasa. Yalikwenda kwenye kabeji, na msimu ule tulikula kabeji ambazo toroli ilizibeba mbili mbili. Gunia la Daktari Suresh nililifua, jina likafifia tu, nikalitandika nje ya mlango wa jikoni, la kufutia miguu. Lilikuwa gunia zito, halafu la katani.

Mzee wa kanisa wetu aliwahi kuniita kuniuliza ni nini kinafanyika kule juu. Nikamwambia wanakaa. Akauliza, wanakaa, halafu? Nikasema halafu wanainuka, wanakula. Akauliza kama kuna nyoka. Nikamwambia kuna kobe mmoja wa bustani. Akafikiri, akasema basi niendelee kuimba alto kwenye kwaya. Mimi ni Mlutheri na nimebaki Mlutheri, na Mzee Rashidi alisali sala zake tano nyuma ya stoo, na Mwalimu hakumgusa mtu kwa dini yake. Alisema tu nisitie chumvi nyingi.

Sasa jambo la kazi, Rehema, usikilize. Kumtambua aliyezama na aliyelala. Aliyelala, taya linaanguka na shingo inafuata. Anayejifanya amezama ana mkunjo katikati ya nyusi, na anafungua jicho moja ukipita na vitunguu vya kukaanga. Aliyezama kweli, mgongo unasimama peke yake kama nguzo ya nyumba, pumzi ni ndogo mpaka unatafuta, na uso haudai kitu. Nimewaona watatu tu. Usimtikise wala usimwagie maji. Mama mmoja aliyenisaidia kabla yako alimwagia mgeni ndoo akidhani amekufa, na yule mgeni alikuwa amelala tu, lakini hakurudi tena kwetu.

Daktari Suresh alirudi kila mwaka. Alikaa kuliko wote na hakupata kitu. Mgongo ulimuuma, magoti yalimuuma, na kila akifumba macho aliona meno. Alinisimulia hivyo mwenyewe, jikoni, maana alikuwa na mazoea ya kuja kwangu kuomba chai ya tangawizi. Nilimpenda kwa kuwa alipiga hodi vizuri. "Hodi!" "Nani?" "Mimi Daktari Suresh, wa Tanga, nyumba ya tatu kutoka hospitali." Kila siku, yote hayo, na mimi namjua. Nikimfungulia nasema, "Karibu, ngedere hawana anwani ndefu hivyo."

Mwaka mmoja alikuja amekonda. Alikaa kwenye kigoda, akakorogakoroga chai isiyo na sukari.

"Mama Eli, unajua mke wangu alifariki."

"Nilisikia. Pole sana, Daktari."

"Alisahau kila kitu kwanza. Miaka miwili, kila asubuhi, ananiuliza, wewe nani? Namwambia mimi Suresh. Ananitazama tu. Namwambia mimi daktari. Namwambia mimi mumeo. Hakuna jibu lililomtosha." Akaweka kijiko chini. "Sasa na mimi nimeanza. Mwezi uliopita nilisahau njia ya kurudi nyumbani kutoka sokoni. Wenzangu wamenipima, wamesema ni ugonjwa uleule. Jina litaondoka, kazi itaondoka, hata mke wangu Kanta ataondoka kichwani. Nataka kuzama mara moja tu kabla havijaondoka. Nijue kama ndani kuna mtu atakayebaki."

Nilimwongezea chai. Niliogopa kwa ajili yake, na nasema wazi, nilimwombea kanisani kwa jina, katikati ya maombi ya mvua.

Ikaja siku ya Jumatano, mwaka uliofuata. Niligonga rimu la mchana, wageni wakatoka, yeye hakutoka. Nilikwenda kuchungulia. Mgongo ulikuwa umesimama, nyusi zimetulia. Kuku wetu yule mwekundu alikuwa ameingia, amepanda mapajani pake, ametulia pia. Nikaacha. Saa tisa bado. Mwalimu akaja na fimbo yake, akatazama, akaniambia tumwache. Saa kumi na moja kuku akataga. Hapo nikamuuliza Mwalimu kama hilo lipo katika vitabu vyao. Akasema hapana.

Tulimrudisha kwa kikombe cha tangawizi nilichokishika karibu na pua yake, nikimwita taratibu. Alifungua macho. Alilichukua yai akaliangalia kwa upendo ambao sijawahi kuona mtu akiuelekeza kwenye yai. Siku tatu alitembea bustanini kama mtu asiye na uzito, akicheka na kobe, na hakuuliza chochote. Nikamshukuru Mungu, nikadhani hofu yake imekwisha.

Siku ya nne hali ile iliondoka. Nilimkuta asubuhi kwenye matuta, anatembea huku na huku, analia waziwazi mzee wa watu, kama aliyeibiwa ng'ombe. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti chake juani.

"Imekwenda, Mwalimu. Nimekaa tangu saa kumi alfajiri, hakuna. Nimeamka nimesahau hata ilivyokuwa."

"Suresh, kilichokuja na kuondoka si wewe," Mwalimu akasema. "Ulikuwepo kabla hakijaja. Upo sasa unapolia."

"Maneno!" Daktari akapaza sauti, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumpazia Mwalimu sauti. "Miaka yote hii ya kukaa, ya nini? Nimekipata mara moja na hata kukikumbuka siwezi! Mimi ndiye ninayesahau, Mwalimu. Utanipa nini ambacho sitakisahau?"

Mwalimu akaishika fimbo yake. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye kabeji, na mdomo wangu haujawahi kusubiri ruhusa.

"Daktari, ile samadi ya baba uliyoletewa mwaka ule, iko wapi?"

"Nini?"

"Gunia lako. Liko wapi?"

Akafuta macho. "Mama Eli, si mliitia humu shambani?"

"Tuliitia. Sasa chimba unionyeshe. Hutaiona. Ilikwisha. Mbona huilii? Ingekuwa bado ipo kwenye gunia ndiyo tungelia, maana isingefanya kazi. Umekaa kwenye shamba lililolishwa unatafuta samadi ya mwaka ule."

Akanitazama, akatazama udongo. Mwalimu akaanza kucheka kidogokidogo, bega likitikisika. Daktari hakucheka. Aliinama akapiga magoti upande wa pili wa tuta, na suruali yake nyeupe, akaanza kung'oa magugu nami. Aling'oa na miche yangu minne. Tulipalilia hivyo mpaka rimu la saa nne.

Alikuja mara mbili zaidi baada ya hapo, akiletwa na binti yake. Hakukaa ukumbini sana. Alipalilia, aliosha vikombe, na kila siku alisahau zaidi. Aliniita Mama Eli, kisha Mama, kisha Kanta, na kwa Kanta niliitika. Mwalimu aliniambia kwamba wale wa zamani walisema kuna kuzama kwa kukaa, na kuna kule kusikoondoka hata mtu akiosha masufuria. Nikamwambia kuosha masufuria nimeosha miaka mingi sana na sijaona dalili. Akasema nisijali.

Siku ya mwisho niliyomwona ilikuwa asubuhi ya ukungu, ninyi wawili mlikuwa mnamenya viazi nami. Binti alikuwa akipakia mizigo garini. Tukasikia hodi.

"Nani?" nikauliza, kwa mazoea tu.

Kimya. Nikajua ni yeye, na nikajua anatafuta. Daktari, Suresh, Tanga, nyumba ya tatu kutoka hospitali. Moyo uliniuma kwa kuwa nimeuliza. Nikalifuata komeo.

"Mimi," akasema.

Na mdomo wangu mjinga, wa miaka yote ile, ukatangulia: "Mimi nani?"

Nilifungua haraka ili asijibu. Alikuwa amesimama juu ya lile gunia, ambalo jina lake la mkaa lilikuwa limefutika zamani chini ya miguu ya watu, na uso wake ulikuwa kama ule wa Jumatano ya kuku. Hakuwa na hofu hata chembe.

"Hilo sijui tena," akasema, akatabasamu. "Lakini nipo."

Nikamwambia karibu ndani, chai imeiva. Akafuta miguu, akaingia.